Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga chipu ya DRV8323S kwa SPI

Ukurasa huu ni wa mafundi na wanafunzi wanaojenga kontrola za mota za BLDC (zisizo na brashi) hapa Arusha na kule Moshi: za bajaji na pikipiki za umeme, za pampu za sola, za mashine za kumenyea kahawa. Wengi huja na bodi inayowaka taa lakini haizungushi kitu, au mota inayokoroma, au mosfeti (swichi za kuendeshea mota) zilizokwisha kupasuka. Mara nyingi shida haiko kwenye mota, wala kwenye programu ya kuiendesha. Iko kwenye rejista tano za mipangilio ndani ya chipu ambazo hakuna aliyezigusa.

Chipu ya kuendesha geti (mguu unaowasha mosfeti), hapa DRV8323S, haijui umefunga mosfeti gani. Inaamka na namba zake yenyewe na kuzitekeleza bila kuuliza. Namba hizo hazikupangwa kwa ajili ya bodi yako.

Mifano yote hapa inatumia bodi moja ili hesabu zifuatane: betri ya 48 V yenye seli 13 za lithiamu mfululizo, mosfeti zenye RDS(on), yaani ukinzani zikiwa zimewaka, ya 4 mΩ na Qgd (chaji ya geti hadi dreni) ya 14 nC, shunti (rezista ndogo za kupimia mkondo) za 1 mΩ, na mota isiyotakiwa kuvuka 35 A. Ukiwa na mosfeti nyingine, chukua njia ya hesabu, achana na majibu yangu.

Fundi, kwa nini nisiunganishe mosfeti moja kwa moja kwenye Arduino?

Kwa sababu geti inataka zaidi ya 10 V na mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, na mosfeti ya juu inataka volti hizo juu ya volti za betri yenyewe. Pini ya mikrokontrola haina hata kimoja kati ya hivyo. DRV8323 ya Texas Instruments ina pampu ya chaji ndani yake kwa ajili ya upande wa juu, inaendesha mosfeti sita, ina vikuza ishara vitatu vya kupimia mkondo, na inalinda daraja zima. Ulinzi huo ndio unaopangwa kwa SPI, njia ya waya nne ambayo mikrokontrola inazungumza na chipu.

Nimeagiza DRV8323, imekuja, lakini SPI haijibu kabisa. Ni mbovu?

Soma herufi ya mwisho kabla ya kuilaumu. S ndiyo yenye SPI. H hupangwa kwa rezista, na pini zake nne za MODE, IDRIVE, VDS na GAIN zinakaa mahali palepale ambapo S ina pini za SPI. Bodi ileile inaipokea bila kulalamika. Ukiona RS au RH, hiyo R maana yake kuna kigeuzi cha kushusha volti ndani, na umbo lake ni la pini 48 badala ya 40, kwa hiyo hiyo huwezi kuikosea kwenye bodi.

Kwa kuwa chipu hizi huagizwa na kusubiriwa, andika jina kamili kwenye oda, herufi kwa herufi. Anayekuagizia hajui tofauti, na muuzaji hana sababu ya kukuuliza.

Betri yangu ni "ya 60 V". Inafaa?

Hapana. Chipu hii imeandikwa kwa 6 V hadi 60 V za kazi. Seli 13 zikijaa zinafika 54.6 V, hapo upo salama. Seli 14 zinafika 58.8 V, na hapo mota ikirudisha umeme kwenye betri ukiteremka kilima unavuka mpaka. Betri inayouzwa kama ya 60 V kwa kawaida ni seli 16, yaani 67.2 V ikijaa. Jina la betri si volti zake za juu.

Waya za SPI ni zipi, na mbona kila mtu anazungumzia rezista ya SDO?

Waya ni nne: nSCS ya kuichagua chipu, SCLK ya kloki, SDI ya kuingiza, SDO ya kutoa. Ongeza ENABLE ya kuiamsha chipu na nFAULT inayoshuka kukiwa na kosa, na grandi ya pamoja, ambayo watu huisahau wakiwa na bodi mbili. Pini za kuingizia zinakubali 3.3 V na 5 V, kwa hiyo Arduino Uno na mikrokontrola za STM32 zote zinafanya kazi.

SDO ni ya aina ya dreni wazi: inaweza kuvuta chini tu, haiwezi kusukuma juu. Bila rezista ya kuivuta juu kwenda kwenye volti za mikrokontrola, hutasoma kitu. Thamani ya kawaida ni 10 kΩ, na inatosha ukienda polepole. Lakini fanya hesabu: waya na pini zikiwa na pF 50 hivi, 10 kΩ inakupa muda wa kupanda wa nanosekunde 500. Kloki ya 1 MHz inasoma biti nusu mzunguko baadaye, yaani nanosekunde zilezile 500, na kwa wakati huo ishara imefika kama 2.1 V tu. STM32 ya 3.3 V inataka karibu 2.3 V ili iite hiyo 1. Ndiyo maana mtu anasoma namba sahihi asubuhi na namba za ajabu jioni. Weka 2.2 kΩ, au shusha kloki hadi 100 au 200 kHz. Chipu inavumilia hadi 10 MHz, ila sioni haja: rejista saba hazihitaji mbio.

Modi ya SPI ni ipi?

Modi 1: kloki inapumzika chini, data inabadilika ukingo wa kupanda na inanaswa ukingo wa kushuka. Biti kubwa inatangulia. Maktaba nyingi zinaanza na modi 0, na hatari ya modi 0 ni kwamba haishindwi kabisa. Inasoma namba iliyosogea biti moja, na katika kuandika inaweza kupatia leo na kukosea kesho kwa sababu data inabadilika wakati uleule chipu inapoinasa.

Neno la SPI linaundwaje? Nipe mfano, siyo nadharia.

Neno lina biti 16. Ya kwanza ni 1 ukisoma, 0 ukiandika. Nne zinazofuata ni anwani ya rejista. Kumi na moja zilizobaki ni data.

Tuseme unataka kuandika 0x344 kwenye rejista 0x03 (0x maana yake namba ya heksadesimali, ya msingi wa 16). Anwani 3 ni 0011. Data 0x344 ni 011 0100 0100. Panga: 0, kisha 0011, kisha 01101000100. Ukizikusanya nne nne unapata 0001 1011 0100 0100, yaani 0x1B44. Kuisoma rejista hiyohiyo unatuma 0x9800.

Jibu linarudi ndani ya neno hilohilo, hakuna haja ya kutuma neno la pili kulivuta. Ukiwa unaandika, kinachorudi ni kile kilichokuwemo kabla. Biti tano za juu za jibu hazina maana, zichuje kwa 0x07FF. Ukituma biti pungufu au zaidi ya 16 kabla ya kupandisha nSCS, chipu inalitupa neno lote kimya kimya.

Hapa ndipo watu wa STM32 wanapokwama. nSCS lazima ipande kati ya neno na neno, angalau nanosekunde 400. Ukiruhusu pini ya NSS, ile ya STM32 ya kuchagua chipu, ijiendeshe, mara nyingi inabaki chini muda wote na chipu inaona mkondo mmoja mrefu wa biti. Tumia pini ya kawaida, uishushe na kuipandisha mwenyewe.

Nasoma 0x7FF kila mahali. Mwenzangu anasoma 0x000. Nani ana shida kubwa zaidi?

Mwenye 0x000, kwa kawaida. 0x7FF kila mahali maana yake hakuna anayevuta SDO chini: rezista ipo, lakini chipu imelala au haina umeme. Angalia ENABLE iko juu. Angalia betri imeunganishwa; USB inaiwasha mikrokontrola, haiiwashi DRV8323, na mwanafunzi anaweza kukaa mchana kutwa akitafuta kosa kwenye programu wakati pini ya VM, ya kuingizia umeme wa betri, haina volti. 0x000 kila mahali ni rezista ya SDO isiyokuwepo, pini ya MISO ya mikrokontrola (inayosoma SDO) isiyo yenyewe, au shoti kwenda grandi. Hiyo ya mwisho, kwenye chipu ya pini 40 yenye umbo la 6 mm kwa 6 mm iliyochomelewa kwa mkono, si jambo la kushangaza.

Kwa jaribio la kwanza usitumie rejista 0x04, kwa sababu yenyewe inaamka na 0x7FF na haitofautiani na ukimya. Tumia 0x05: tuma 0xA800, tegemea 0x159. Kisha 0x06, tegemea 0x283. Ukipata 0x0AC badala ya 0x159, hiyo ni namba ileile iliyosogea biti moja, rudi kwenye modi.

IDRIVE ni nini, na niweke ngapi?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote hapa, kwa hiyo nivumilie.

Geti ya mosfeti ni ndoo chini ya bomba. Ukifungulia kidogo, inachelewa kujaa, na mosfeti inakaa katikati, haijafunga wala haijafungua, ikiunguza umeme. Ukifungulia bomba lote, inajaa papo hapo na maji yanaruka nje: volti za fezi zinapiga mawimbi juu ya volti za betri, mkondo unavuma kwenye nyaya, na kelele inaingia hadi kwenye SPI yako. Siku za zamani ulipanga bomba hilo kwa rezista ya geti na pasi ya kuchomelea. Sasa ni biti nne.

DRV8323S ina IDRIVEP ya kuwasha na IDRIVEN ya kuzima, kila moja ikiwa na hatua 16. Kuwasha kunaanzia 10 mA hadi 1000 mA, kuzima ni mara mbili yake, 20 mA hadi 2000 mA. Chipu inaamka na 1111 kote, yaani bomba lote.

Hesabu inaanza na Qgd, ile chaji ya geti hadi dreni iliyoandikwa kwenye datashiti ya mosfeti. Usichukue Qg ya jumla kwa hesabu hii. Gawanya Qgd kwa mkondo, unapata muda wa fezi kupanda. Kwa 14 nC na 1000 mA, ni nanosekunde 14. Hiyo ni kasi ya kupasua vitu. Kwa bodi za kawaida lenga nanosekunde 100 hadi 300 za kupanda na 50 hadi 150 za kushuka. 14 nC kwa nanosekunde 100 ni 140 mA, kwa 300 ni 47 mA. Hatua zilizopo katikati ni 60, 80, 120 na 140. Nachukua 120, msimbo 0100. Kuzima kwa msimbo huohuo ni 240 mA, nanosekunde 58, inafaa.

Hivyo rejista 0x03, ya mosfeti za juu, inakuwa 0x344, na 0x04, ya mosfeti za chini, inakuwa 0x744. Tofauti ya mbele ni kwamba 0x03 inabeba biti za kufuli na 0x04 inabeba TDRIVE, tutazifikia.

Kisha weka oskiloskopu kwenye fezi, prob yenye grandi fupi, siyo ile ya waya mrefu wenye klipu. Ukiona mawimbi yanavuka volti za betri kwa kiasi cha kutisha, shuka hatua moja. Mosfeti zikichemka bila mzigo mkubwa, panda hatua moja. Kama huna oskiloskopu mtaani Unga Limited, wapo wanayo Chuo cha Ufundi Arusha na Tengeru, na mwalimu akielezwa vizuri unachotaka kupima hana sababu ya kukataa. Kupanga IDRIVE bila kuona mawimbi ni kubahatisha, hata kama umebahatisha kwa hesabu.

Nimeshusha IDRIVE hadi 10 mA ili kuondoa kelele. Sasa naona kosa la GDF (hitilafu ya kuendesha geti).

Umeshuka mno. Chipu inatazama geti baada ya kuiamuru, na kama haijabadilika ndani ya muda wa TDRIVE inaita kosa. TDRIVE kubwa kabisa ni nanosekunde 4000. Mosfeti yenye Qg ya jumla ya 60 nC kwa 10 mA inahitaji nanosekunde 6000. Haiwezekani. Panda.

GDF kwenye fezi moja tu, huku nyingine ziko sawa, si suala la rejista. Hiyo ni mosfeti iliyopigwa shoti geti hadi sosi, au lihamu haijashika. Multimita inatosha.

Ulinzi wa mkondo: nimeacha kama ulivyokuja, si salama?

Fanya hesabu uone. Chipu inapima volti kati ya dreni na sosi (VDS) ya mosfeti iliyowaka, na inaamka na kizingiti cha 0.75 V. Kwa mosfeti ya 4 mΩ, 0.75 V ni 187 A. Mota yako ni ya 35 A. Utakuwa na moshi kabla ya kosa.

Kizingiti kina hatua 16, kuanzia 0.06 V hadi 1.88 V. Nikichagua 0.26 V, msimbo 0011, napata 65 A mosfeti ikiwa baridi. Lakini RDS(on) inapanda na joto. Ikifika nyuzi 100 hivi, chukua mara moja na nusu: 6 mΩ. Sasa 0.26 V ni 43 A. Yaani ulinzi uleule unakata 65 A asubuhi ya Julai pale Sakina, Arusha, na 43 A mchana ukipandisha kutoka Moshi mjini, chini ya mita 1,000, kwenda geti la Marangu lililo juu ya mita 1,800. Bado upo juu ya 35 A, kwa hiyo inafaa. Ungechagua 0.2 V ungekuwa na 33 A mosfeti ikichemka, na pikipiki ingezima katikati ya mlima ikiwa na abiria.

Hapa watu wanabishana nami wakisema kizingiti kiwe karibu sana na mkondo wa kazi. Sikubaliani. Kikomo cha 35 A ni kazi ya programu inayosoma shunti. VDS ni kwa ajili ya shoti, ambapo mkondo unapanda haraka kuliko programu yoyote. Kazi mbili tofauti, usizichanganye.

Kitu kingine: pini ya VDRAIN iende yenyewe hadi kwenye dreni za mosfeti za juu kwa njia yake kwenye bodi. Ukiiunga njiani na mkondo mkubwa, chipu inapima na upotevu wa shaba, na namba zote hapo juu zinakuwa hadithi.

OCP_MODE, tabia ya ulinzi wa mkondo: ijirudie yenyewe au ijifunge?

Inaamka ikiwa ya kujirudia: inakata, inasubiri milisekunde 4, inajaribu tena. Fezi ikiwa na shoti ya kweli, hiyo ni kama mara 250 kwa sekunde unaipiga mosfeti ileile. Kwenye meza na kwenye gari naweka 00, ijifunge, nFAULT ishuke, programu iamue. Mashine ya kumenyea kahawa kule Kibosho ikikwama jiwe, hutaki chipu iendelee kuisukuma wakati mkono wa mtu uko ndani ukilitafuta.

Kuna modi ya kuripoti tu na ya kutofanya lolote. Ya kwanza inafaa kwa kuchunguza, na betri ikiwa imewekewa kikomo cha mkondo. Ya pili, sijaona sababu.

Kwa 0.26 V, kujifunga, muda wa kuchuja kelele wa mikrosekunde 4 na muda wa mapumziko wa nanosekunde 100, rejista 0x05 inakuwa 0x113. Neno la kutuma ni 0x2913.

Muda wa mapumziko wa nanosekunde 100 unatosha? Kwingine naona mikrosekunde nzima.

Kwa chipu zisizotazama geti, ndiyo, ungehitaji zaidi. Hii inahakikisha kwanza geti ya upande mmoja imeshuka, ndipo inahesabu muda huo, ndipo inawasha upande wa pili. Hatua ni 50, 100, 200 na 400. Ila ukichagua modi ya PWM (mapigo ya kuwasha na kuzima mosfeti) ya kila mosfeti kivyake, kinga hiyo haipo tena na wewe ndiye mlinzi. Modi ya pini sita au ya pini tatu inatosha kwa mota.

Vikuza ishara vya mkondo vipangwe vipi?

Rejista 0x06. Kuzidisha kuna hatua nne: 5, 10, 20 na 40. Inaamka na 20, ambayo kwa shunti ya 1 mΩ inakupa 20 mV kwa kila ampea, na sifuri ikiwa katikati, 1.65 V kama VREF, volti ya rejea, ni 3.3 V. Kwa mota ya 35 A hapo pana nafasi ya kutosha pande zote. Usidhani sifuri iko 1.65 V kamili; tumia biti za CSA_CAL kufupisha maingizo, soma ADC ya mikrokontrola, hifadhi namba hiyo uitoe kila mara.

Kwenye rejista hiyo kuna pia ulinzi wa shunti, SEN_LVL. Kiwango chake cha chini kabisa ni 0.25 V. Kwa 1 mΩ hiyo ni 250 A. Hauna maana kwenye bodi hii, nauzima kwa DIS_SEN, rejista inakuwa 0x2A3.

Nikizima na kuwasha, mipangilio inabaki?

Haibaki. Umeme ukikatika, au ENABLE ikishushwa hadi chipu ilale, kila kitu kinarudi kwenye thamani za kuamkia, na IDRIVE ya 1000 mA imo. Kwa hiyo kila unapoamsha, andika upya yote. Programu inayopanga rejista mara moja tu inapowashwa, kisha ikaishusha ENABLE ili kuokoa betri, itaendesha mota na mipangilio isiyo yake baada ya usingizi wa kwanza.

Basi mpangilio wa kuanza uwe upi?

PWM zote chini. ENABLE juu. Subiri milisekunde 2; chipu inahitaji kama moja. Andika rejista, soma kila moja, linganisha. Moja ikigoma, usiendelee. Zikikubali zote, funga kufuli, ndipo PWM.

Kwa Arduino, sehemu ya msingi ni hii:

uint16_t tuma(uint16_t neno) {
  SPI.beginTransaction(SPISettings(200000, MSBFIRST, SPI_MODE1));
  digitalWrite(PINI_CS, LOW);
  uint16_t jibu = SPI.transfer16(neno);
  digitalWrite(PINI_CS, HIGH);
  SPI.endTransaction();
  return jibu & 0x07FF;
}

bool andika(uint16_t anwani, uint16_t data) {
  tuma((anwani << 11) | data);
  return tuma(0x8000 | (anwani << 11)) == data;
}

Tahadhari moja: biti ya CLR_FLT kwenye rejista 0x02 hujirudisha 0 yenyewe. Ukiiandika kwa kutumia "andika", ulinganisho utashindwa wakati kila kitu kiko sawa. Hiyo itume kwa "tuma" peke yake.

Kufuli ni ya nini kama programu yangu ndiyo pekee inayoandika?

Kwa sababu kelele nayo huandika. DRV8323 haina CRC (namba ya kuhakiki data) wala biti ya usawa kwenye SPI. Biti 16 zozote zilizokamilika inazipokea kama amri. Mota ya 35 A ikianza kukata mkondo sentimita chache kutoka kwenye waya za SPI, kloki ya ziada si jambo la ajabu. Ukiandika 110 kwenye biti tatu za juu za rejista 0x03, chipu inapuuza maandishi yote isipokuwa kufuli yenyewe na biti tatu za mwisho za 0x02: kufuta kosa, kufunga breki, kuachia mota. Kwa bodi yetu 0x344 inakuwa 0x644. Kufungua ni 011.

Na bado soma rejista mara kwa mara ukiwa safarini. Umeme ukishuka ghafla hata kwa muda mfupi, chipu inaweza kuanza upya bila kukupigia hodi.

nFAULT imeshuka. Nianzie wapi?

Soma 0x00 na 0x01 kabla ya kufuta chochote. Nimeona programu zinazofuta kosa haraka kiasi kwamba hakuna anayejua lilikuwa lipi. 0x00 inakuambia aina: VDS, GDF, volti ndogo, joto, na ni mosfeti ipi kati ya sita. 0x01 ina habari za pampu ya chaji, onyo la joto, na geti za kila mosfeti. Zihifadhi, ndipo ufute kwa 0x1001, au kwa kushusha ENABLE kwa mpigo mfupi wa kama mikrosekunde 20. VDS ikirudi palepale mara PWM inapoanza, ni shoti. Ikirudi baada ya dakika kadhaa za mlima, rudi kwenye hesabu ya joto.

Niwashe mara ya kwanza bila kuunguza kitu, nifanyeje?

Kama una sapulai ya meza yenye kikomo cha mkondo, weka 0.5 A na 24 V, bila mota. Kama huna, taa mbili za lori za 24 V zilizounganishwa mfululizo na betri ya 48 V zinafanya kazi hiyohiyo: shoti ikitokea zinawaka, na mosfeti zinabaki. Soma rejista, washa PWM kwa asilimia 10, tazama fezi, ndipo ulete mota, ndipo utoe taa. Taa zikiwa ndani usijaribu kupakia mota mzigo. Volti zitaanguka na utapata kosa la volti ndogo ambalo si kosa.

Kaka, nataka kwenda 72 V. Nibadilishe chipu tu niweke DRV8353RS, programu ibaki?

Betri ya seli 20 ikijaa ni 84 V, kwa hiyo kuhama ni lazima, na DRV8353 imetengenezwa kwa hadi 100 V. Muundo wa neno ni uleule: biti ya kusoma, nne za anwani, kumi na moja za data, na "tuma" na "andika" vinabaki vilivyo. Namba hazibaki. Jedwali la IDRIVE ni jingine, na msimbo 0100 kule ni mkondo mkubwa zaidi ya 120 mA. Kuna pia rejista ya 0x07 ambayo huku haitumiki. Mosfeti nazo zitakuwa za volti za juu zaidi, zenye RDS(on) na Qgd nyingine. Bandika datashiti mbili mezani, ya chipu na ya mosfeti, na uanze hesabu kutoka kwenye Qgd.